Mwalimu Taratibu na Difu Mbili

Jina la Mwalimu Taratibu alipewa na wanafunzi wake wa udereva, na lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Kutwa nzima alikuwa kwenye kiti cha abiria cha gari la shule, mguu juu ya ile breki ya pili ya mwalimu, akirudia neno lile lile. "Taratibu na klachi, mwanangu. Taratibu hapo, yule mzee anavuka. Taratibu, ukuta hauhami." Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Watu walikuja kwake mikono ikitetemeka, wakaondoka wanarudisha gari nyuma huku wakipiga soga.

Lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na uwanja ambao zamani malori yalikuwa yakiegeshwa, lami pana iliyokosa kazi, na hapo ndipo vijana walikutana na magari yao kupiga drifti. Mchezo wenyewe ni huu: unaingia kwenye kona kwa kasi, unalivunja gari mgongo mpaka linakwenda ubavu ubavu, kisha unalishikilia hivyo hivyo, matairi ya nyuma yakifuka moshi, hadi kona iishe. Mwalimu alikwenda mara ya kwanza kumfuata mwanafunzi wake mmoja ili amgombeze. Akakaa akatazama. Akatazama tena. Mwisho wake akaomba naye ajaribu, na siku hiyo alirudi nyumbani akicheka peke yake kama aliyetekenywa.

"Umefanyaje?" mumewe alimuuliza. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata kwenye baiskeli alikuwa akishuka kwenye mteremko na kuisukuma.

"Nimeliachia gari," alisema Mwalimu. "Miaka yote nafundisha watu kulizuia. Leo nimeliachia, na bado likanisikia."

Mume hakuelewa, ila alimwona mkewe anang'aa, akaona inatosha. Baadaye alimshonea viti vya gari kwa kitambaa kigumu cha bluu, akatia na herufi ya kwanza ya jina la mkewe kwenye pembe, ndogo, ambayo hakuna aliyeiona ila wao wawili.

Gari hilo lilikuwa sedani kuukuu, la aina inayosukumwa na matairi ya nyuma, ambalo shule ilimuuzia lilipochoka. Lilikuja na kila kitu chake, pamoja na breki ya pili upande wa abiria. Na ndilo lilikuwa gari pekee la nyumba ile. Jumapili lilifuka moshi. Siku nyingine lilibeba vitambaa vya mume, magunia ya mkaa, na zaidi ya yote lilimbeba mama mkwe kwenda kliniki kutazamwa magoti.

Mama mkwe alikaa mbele siku zote. Alipoigundua ile breki chini ya miguu yake, alijipa kazi. Kila kona aliikanyaga. Kila kuku akitokeza kichwa, aliikanyaga. Mwalimu alivumilia mpaka siku waliposimama ghafla katikati ya barabara na lori likawapigia honi ya hasira. Jioni hiyo aliingia chini ya gari, akaichomoa fimbo inayounganisha pedali ile na breki, asimwambie mtu. Mama mkwe aliendelea kukanyaga kwa bidii. "Umeona nilivyokuokoa pale?" alikuwa akisema, na Mwalimu alikuwa akijibu, "Nimeona, Mama. Asante."

Sasa, matata yalianza kwenye mashindano yake ya kwanza. Aliingia kona vizuri, gari likalala ubavu vizuri, watu wakaanza kupiga miluzi, halafu likajinyoosha lenyewe, likaenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Tairi moja la nyuma, la upande wa ndani, lilikuwa likizunguka bure na kufuka moshi, na la pili halifanyi kitu. Watu hawakumcheka usoni, lakini mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti, "Leo tuna gari linalovuta sigara upande mmoja wa mdomo," na hapo hata yeye mwenyewe alicheka.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Difu ya kawaida ina adabu sana: kwenye kona inaliruhusu tairi la nje likimbie na la ndani litembee. Tabu yake ni kwamba tairi moja likianza kuteleza, nguvu yote inakimbilia huko huko. Kwa drifti lazima matairi yote mawili yashike na yaachie pamoja.

"Hilo ni jambo la asubuhi moja," alisema kaka yake.

Kaka yake alikuwa mchomeleaji. Mageti ya nusu ya mtaa alikuwa ameyaunga yeye, na kwa imani yake hakukuwa na shida duniani isiyotibika kwa kuungwa. "Tunafungua difu, nachomelea yale meno ya ndani yawe kitu kimoja, tunafunga. Tairi la kulia likizunguka, na la kushoto linazunguka. Halina ujanja tena."

"Na barabarani?" aliuliza Mwalimu.

"Barabarani utazoea, dada. Vijana wote pale uwanjani wanatembea hivyo."

Mwalimu alikwenda kuuliza na kwa upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa Glovu, fundi wa gia boksi na difu, aliyeitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi na glovu nyeupe, na zikichafuka alizibadilisha kabla hajaendelea. Gereji yake ilikuwa safi kuliko jiko la watu wengi. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, kisha akatoa chini ya meza difu iliyofunikwa kwa taulo, akaifunua kama anayefunua mtoto aliyelala.

"Hii ilitoka kwenye gari lililogonga mti. La aina moja na gari lako. Ndani ina sahani za klachi, umeona? Ukienda polepole, matairi yanaachiana, kila moja linakwenda zake. Ukikanyaga mafuta, sahani zinabanana, yanashikana. Kazi ya Jumapili inafanya, na ya Jumatatu inafanya."

"Na ubaya wake?"

Glovu alipenda swali hilo. "Inataka oili yake maalumu, na ibadilishwe mara kwa mara. Sahani zinalika, siku moja utazinunua upya. Na kwenye kona za polepole itanung'unika kidogo. Ya kaka yako haitaki chochote kati ya hivyo. Nisikudanganye." Akaifunika tena. Bei aliyoitaja ilimfanya Mwalimu aage kwa heshima na kurudi kwa kaka yake.

Basi difu ikachomelewa. Kaka aliifanya kazi ile kwa mapenzi, akachoma, akaacha ipoe, akachoma tena, na mwishoni akaigonga kwa nyundo na kutega sikio. "Hii," alisema, "itazikwa ikiwa nzima."

Na Jumapili iliyofuata ilikuwa raha tupu. Gari liliingia kona likalala, likakaa pale pale alipoliweka. Likamtii kama mwanafunzi anayejua amefaulu. Matairi yote mawili yalitoa moshi mzito mweupe, na Mwalimu alizunguka uwanja mzima bila kunyooka hata mara moja. Alipotoka garini, kaka yake alikuwa juu ya pipa akiwaambia watu asiowajua, "Ni kazi yangu ile! Ni mkono wangu!"

Jumatatu, kukata kona kutoka nyumbani, gari likalia. Matairi yalipiga kelele kwenye lami kama paka aliyekanyagwa mkia, na nyuma likaruka kidogo, kuk, kuk, kuk, mpaka barabara iliponyooka. Sokoni, kuegesha tu, watu waligeuka. Mlinzi wa kliniki alikimbilia dirishani. "Mama, ekseli inakatika!"

"Haikatiki. Ndivyo lilivyo."

"Lilivyo? Ningekuwa mimi ningeliacha hapo hapo."

Mama mkwe aliyapokea kwa hekima yake. "Gari limepata kigugumizi," alisema. "Litulizeni, litasema tu." Akaendelea kukanyaga breki yake ya bure.

Wiki zikapita hivyo. Mwalimu alijifunza njia zenye kona pana, akaikwepa ile ya mkato nyuma ya shule. Matairi yalikuwa yakiisha upesi mno, lakini alijikaza. Kila Jumapili ilimlipa. Mpaka siku moja, wakitoka kliniki, mvua ya rasharasha ikiwa imeanza tu, ile inayotoa utelezi wa mafuta barabarani, waliingia kwenye mzunguko mdogo karibu na posta. Mwalimu alikuwa akienda polepole kuliko baiskeli iliyokuwa mbele yake. Alikanyaga mafuta kidogo atoke, na matairi ya nyuma yote mawili yakaachia kwa pamoja.

Mikono yake ilijua la kufanya. Aligeuza usukani kule gari lilikokuwa likielekea, akaacha mafuta yapungue yenyewe, na gari likateleza ubavu, polepole, likapita kando ya kibao cha alama kwa upana wa kiganja, likanyooka na kutulia kando ya barabara. Hakuna aliyeguswa. Mwenye baiskeli hata hakugeuka.

Wipa zilikuwa zikienda na kurudi. Mama mkwe alikuwa ameikanyaga ile pedali mpaka chini, magoti yake mabovu yamenyooka kama fimbo, na ameikumbatia pochi.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Nimelizuia vizuri, eh?"

"Vizuri sana, Mama."

"Ndicho unachofanya Jumapili, hiki?"

"Ndicho. Lakini kwa kasi zaidi."

Mama mkwe aliondoa miguu kwenye pedali, mmoja mmoja. "Siku moja unipeleke nikaone," alisema. "Lakini leo nirudishe nyumbani kama mtu."

Maneno hayo, kama mtu, yalimkaa Mwalimu kichwani usiku kucha. Kuteleza hakukumtisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba gari lilifanya jambo ambalo hakuliomba, naye anayelipwa mshahara kuwafundisha watu kwamba gari hufanya lile tu unaloliomba. Asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda kwa Glovu kuuliza kama difu ile ingalipo.

Ilikuwapo. Glovu alitaka kwanza kuikagua ekseli, akamwomba aliingize gari ndani, juu ya shimo la kufanyia kazi. Simu ya Mwalimu ililia wakati huo huo. Mwanafunzi wake alikuwa amepotea njia. "Liingize tu mwenyewe, fundi," alisema akimtupia ufunguo, akatoka nje kuongea.

Aliporudi, Glovu alikuwa kwenye kiti cha dereva, glovu nyeupe zimeushika usukani juu kabisa, karibu karibu, kama mtu anayening'inia. Injini haikuwa imewashwa. Miguu yake ilikuwa imejikunja mbali na pedali. Mwalimu aliwahi kuona mikono ya namna hiyo mamia ya mara. Alikuwa akiiona kila mwanafunzi mpya anapokaa.

Akainama dirishani. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "hujui kuendesha?"

Glovu alitazama nje, kwenye meza zake, kwenye gia boksi zilizopangwa kama sahani kabatini. "Mwalimu, usimwambie mtu."

Kisha maneno yakamtoka. Alianza ufundi akiwa mdogo, chini ya magari, na chini ya magari ndiko alikokulia. Kila alichokitengeneza, mwenye gari alikijaribu mwenyewe, yeye akisimama nje na kusikiliza. Kadiri sifa yake ilivyokua, ndivyo aibu ya kwenda shule ya udereva ilivyokua. Angekwenda vipi, watu wote pale ni wateja wake? Mkewe alikuwa muuguzi upande wa pili wa mji na kila siku alirudi kwa miguu kutoka kituoni. "Anajua kwamba sipendi kuendesha," alisema Glovu. "Hajui kwamba siwezi."

Mwalimu hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha abiria. "Nitakufundisha," alisema. "Kwenye ule uwanja wa malori, asubuhi mapema, hakuna mtu. Na wewe utanifungia difu hiyo. Hatudaiani."

Glovu alivua glovu moja ili wapeane mkono.

Kaka ndiye aliyenuna. Mwalimu alikwenda kumwambia mwenyewe, asisikie kwa watu. Alimkuta akipaka geti rangi, na alipomaliza kusema, kaka aliendelea kupaka mahali palepale palipokwisha kupakwa.

"Imekatika?" aliuliza.

"Haijakatika, kaka. Ni nzima kabisa. Kwa uwanjani sijaona kitu kizuri kama kile."

"Basi kosa lake nini?"

"Kosa lake ni kwamba nina mama mkwe."

Kaka alijitahidi kubaki amekasirika, akashindwa. Bega lilianza kumcheza, kisha akaangua kicheko mpaka brashi ikamdondoka. Hata hivyo kwa wiki nzima aliwaambia watu kwamba dada yake ameolewa na Glovu. Siku ya kufunga alikuja, akaitoa difu yake kwa mikono yake, akaipangusa, akaondoka nayo begani.

Mafunzo ya Glovu yalikwenda kama yanavyokwenda ya kila mtu. Alijua kila jino ndani ya gia boksi, na bado gari lilimzimikia mara tatu mfululizo. "Najua klachi inashika hapa," alilalamika, "nimeziunga mia ngapi!"

"Mkono unajua, fundi. Mguu ndio haujaambiwa. Taratibu." Siku gari lilipoondoka bila kuruka, alipiga kelele kama mtoto, akasahau kugeuza usukani, na Mwalimu alilazimika kuvuta hendibreki, kwa kuwa breki ya pili alikuwa ameichomoa mwenyewe. Glovu alifaulu mtihani wake mara ya pili. Jioni hiyo alimfuata mkewe kazini kwa gari la kuazima. Mke alisimama mlangoni akimtazama, akamwambia, "Ondoka kwenye gari la watu." Mpaka alipomwonyesha leseni.

Difu mpya ilinung'unika kidogo kwenye kona za polepole, kama Glovu alivyosema, na baada ya hapo ilikaa kimya. Mlinzi wa kliniki aliacha kukimbilia dirishani. Njia ya mkato nyuma ya shule ilirudi kutumika. Uwanjani ilimchukua Mwalimu muda kuizoea: ilitaka mguu mtulivu zaidi, mafuta yasikatwe katikati ya kona, la sivyo sahani ziliachia na gari likanyooka. Ya kuchomelewa ilikuwa ikisamehe zaidi. Alikubali hilo waziwazi, hata mbele ya kaka.

Mashindano mengine yalipofika, walikwenda wote. Mume alibeba chupa ya chai na mwavuli, na kila mkewe alipoingia kona alijificha uso kwa mwavuli ule. Mama mkwe aliwekewa kiti cha mbele kabisa. Mwalimu alipita raundi ya kwanza kwa kishindo, akapita na ya pili, kisha akakutana na kijana mmoja mwembamba mwenye gari lililobanduka rangi, akashindwa kihalali. Kijana yule alilaza gari kama anayelaza kadi mezani.

"Muulizeni ana difu gani!" kaka alipaza sauti. "Muulizeni!"

Walimuuliza. Ilikuwa ya kuchomelewa. Kaka alicheza ngoma yake peke yake akizunguka nusu ya uwanja, na Mwalimu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mama mkwe aliomba kumwona kijana huyo, akampima juu mpaka chini. "Umeendesha vizuri," alimwambia, "lakini mama yako unamrudishaje nyumbani?"

"Anapanda basi, Bibi."

"Unaona," mama mkwe alimgeukia Mwalimu, ameridhika kabisa, kana kwamba wao ndio walioshinda.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kubadilisha oili ya difu. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha chai, mumewe akipiga pindo la suruali kando yake, pale gari dogo jeupe lilipoingia mtaani polepole, taa ya kona ikiwaka tangu mbali. Alikuwa Glovu, anaendesha mwenyewe, mkewe kando, na chupa za oili kiti cha nyuma zimefungwa mkanda. Alilirudisha nyuma kuingia getini, akasimama, akasogea, akasimama, akaingia, na kuangusha ndoo ya maji iliyokuwa peke yake katika ua mzima.

"Hiyo nimeiona!" alisema akitokeza kichwa. "Nimeiona, ila nimechelewa kuamua."

Mume alikwenda kuisimamisha ndoo. Mwalimu alimimina vikombe vingine viwili vya chai, na Glovu akavaa glovu zake nyeupe, akaingia chini ya gari.